Pedi Huja Mwisho: Kufufua Breki ya Diski Iliyolala Mikindani

Breki ya diski ya pikipiki inayotembea kila siku huisha pedi, na habari yake humalizikia dukani: unatoa za zamani, unapachika mpya, unaondoka. Pikipiki iliyowekwa kando kwa muda mrefu, breki yake huharibika kwa njia nyingine. Pedi zinaweza kuwa bado nene, lakini nyuma yake pistoni zimegandana na kuta za kalipa (kibanio kinachoikumbatia diski), sili zake za mpira zimekakamaa, na mafuta ya breki yamekuwa na rangi ya chai iliyochemshwa mara mbili. Fundi anayebadilisha pedi peke yake katika hali hiyo atakuwa amepokea fedha za mteja bila kumtengenezea chombo, na pedi mpya zitaanza kuungua kabla pikipiki haijafika mbali. Kwa hiyo makala haya, ingawa yataishia kwenye pedi, kwa sehemu kubwa yanahusu mfereji mmoja mwembamba ulio ndani ya kalipa, ambao hakuna duka linaloweza kukuuzia.

Pikipiki yenyewe ni Honda XR 125 ya mjomba wangu, mkazi wa Mikindani. Ina diski mbele na dramu nyuma, na kalipa yake ina pistoni mbili. Kwa miaka mingi ilimpeleka kwenye mikorosho yake upande wa Nanyamba, ikibeba mifuko ya salfa katika msimu wa kupuliza dawa ya ubwiriunga, na kurudi na vumbi lililogandia kila mahali penye grisi. Alipojipatia Boxer, ambayo spea zake hupatikana mpaka vijijini, aliiegesha Honda uani, upande unaotazama ghuba, akaifunika turubai. Turubai huzuia mvua, lakini haizuii hewa ya bahari. Wakati wa kusi hewa yenye chumvi hupenya chini yake na kutulia humo, na kwa kuwa jua halifiki, unyevu haukauki upesi. Mimi naamini kwamba kwetu pwani pikipiki iliyofunikwa turubai mpaka chini huoza mapema kuliko ile iliyoachwa chini ya mwembe bila kitu juu yake, ingawa sijapata mtu mzima wa Mikindani aliyekubaliana nami.

Honda hiyo ilikumbukwa pale mtoto wa mjomba alipopata kazi Newala na kuhitaji usafiri. Gurudumu la mbele halikuzunguka. Ilibidi liinuliwe ili pikipiki itolewe uani. Fundi wa kijiweni aliyeitwa kwanza alitoa ushauri unaotolewa sana huku kusini: kalipa ing'olewe, hozi inayoipelekea mafuta ikunjwe na kufungwa, kijana aende na breki ya nyuma. “Ya mbele itamwangusha tu huyo,” alisema, na mjomba akaelekea kukubali, kwa sababu yeye mwenyewe kwenye Boxer yake huigusa breki ya mbele kwa kidole kimoja, tena kwa mashaka.

Hofu hiyo ina asili yake, na si ya kupuuzwa. Barabara za udongo na mchanga huteleza, na anayebana breki ya mbele kwa ghafla huku amepinda usukani ataanguka. Lakini pikipiki inapopunguza mwendo uzito wake huhamia mbele. Tairi la mbele hukandamizwa barabarani na la nyuma huwa jepesi, kwa hiyo kazi kubwa ya kusimamisha chombo hufanywa na gurudumu la mbele, upende usipende. Newala iko juu ya ukingo wa uwanda wa Makonde, na aliyewahi kusimama Shimo la Mungu akatazama bonde la Ruvuma chini yake anajua maana ya kushuka kutoka huko. Kumpa mtu dramu moja ya nyuma kwa ajili ya mteremko wa namna hiyo, tena labda akiwa amepakia abiria, ni kumfanyia ubaya. Halafu kuna jambo ambalo hao wanaoogopa breki ya mbele hawaelezwi: mara nyingi breki inayowaangusha watu ni ile ambayo pistoni zake zinanata. Unabana kidogo, haifanyi kitu; unaongeza nguvu, pistoni inajinasua kwa kuruka, na gurudumu linafungwa lote kwa mara moja. Kalipa safi hubana kwa kadiri unavyobana mkono wa breki, na breki ya hivyo humwangusha mtu kwa nadra.

Kabla ya kufungua chochote, inafaa kujua gurudumu limeshikwa na nini, kwa sababu kuna mambo mawili tofauti yanayotoa dalili moja. Kwenye kalipa kuna nipo, yaani skrubu ndogo yenye tundu ya kutolea upepo ulionaswa kwenye mafuta, ambayo hufunguliwa kwa spana namba 8. Ukiilegeza nusu mzunguko, mafuta yakachuruzika na gurudumu likaachia, basi kalipa haina hatia: presha ilikuwa imenaswa ndani, na mkosaji ni masta silinda (pampu iliyo kwenye mkono wa breki, chini ya kopo la mafuta) iliyoziba au hozi iliyobomoka kwa ndani ikaruhusu mafuta kwenda bila kurudi. Ikiwa umelegeza nipo na gurudumu bado limeshikwa, pistoni zimeganda. Kwa Honda ya mjomba majibu yalikuwa yote mawili. Nipo ilipolegezwa, gurudumu lilizunguka kwa shida, likisuguana, na tone lililotoka lilikuwa zito na la kahawia. Ni vyema pia kuipuliza mafuta ya kupenyeza kutu hiyo nipo mapema, ikiwezekana jana yake, na kutumia spana ya bokisi, kwa sababu chuma chembamba kilichokaa ndani ya aluminiamu penye chumvi hukatika kwa urahisi, na nipo iliyokatika hugeuza kazi ya mchana mmoja kuwa safari ya karakana.

Sasa kuhusu mfereji niliouahidi. Ndani ya kalipa kila pistoni huzungukwa na pete mbili za mpira. Ya nje ni nyembamba, kazi yake ni kuzuia vumbi. Ya ndani ni nene, na ukiikata utaona kuwa ina pembe nne, si duara kama oringi za kawaida. Hiyo ndiyo sili inayozuia mafuta, lakini ina kazi ya pili ambayo watu wengi hawaijui. Unapobana breki, pistoni husogea mbele kwa sehemu ndogo ya milimita, na sili, kwa kuwa imeishika pistoni, hupinda kuifuata. Unapoachia, sili hujinyoosha na kuivuta pistoni irudi ilikotoka. Hakuna springi ya kuirudisha pistoni ndani ya kalipa. Kurudi kwa pistoni kunategemea kipande hicho cha mpira na nafasi kilichonayo ya kupinda na kujinyoosha ndani ya mfereji wake. Mpira ukikakamaa, au mfereji ukipungua nafasi, pistoni hubaki ilipoachwa, pedi huendelea kuigusa diski, diski hupata moto, na moto huo huukausha mpira zaidi.

Kinachopunguza nafasi ya mfereji ni kutu nyeupe. Aluminiamu haipati kutu nyekundu kama chuma. Hutoa unga mweupe mgumu ambao huchukua nafasi kubwa kuliko metali iliyoliwa. Unga huo ukiota nyuma ya sili huisukuma sili ndani, ikaibana pistoni kutoka pande zote. Ndiyo maana mtu anaweza kununua sili mpya kabisa, akazipachika, na pistoni ikagoma vilevile au hata ikawa ngumu zaidi kuliko mwanzo. Atalaumu sili kuwa ni feki. Pengine ni feki kweli, lakini kwanza aangalie mfereji.

Kuitoa kalipa kuna utaratibu wake, na utaratibu huo huanza kalipa ikiwa bado imefungwa kwenye shoko. Kijiti kinachopita kwenye matundu ya pedi na kuzishikilia hukaa miaka bila kuguswa, na ukishaitoa kalipa mkononi huwezi tena kupata nguvu ya kukifungua. Kilegeze wakati kalipa imekazwa mahali pake. Kisafishe kichwa chake mpaka ufunguo uingie wote, ugongee nyundo kwa upole mara chache ili kutu ishtuke, ndipo uzungushe. Kijiti cha Honda hii kilitoka kikiwa kimeliwa pande mbili mahali pedi zilipokuwa zinakalia, na pale palipoliwa ndipo pedi mpya zingenasa kila zinapotaka kurudi. Kijiti cha namna hiyo hutupwa.

Pedi za zamani zilinipa sababu nyingine ya kutoamini unene. Kwa kutazama upande, nyama yake, yaani sehemu inayosugua diski, ilikuwa bado ya kutosha; alama za kuonyesha mwisho hazijafikiwa. Lakini nilipoingiza kucha kati ya nyama na bati lake la chuma, nyama ilibanduka nzima. Kutu ilikuwa imepita chini yake, ikainyanyua kidogo kidogo kutoka kwenye bati, na kilichokuwa kinaishikilia ni kona moja tu. Pedi ile ingeweza kupita ukaguzi wa macho, kisha ikatoka yote mteremkoni siku ya kwanza ya kubanwa kwa nguvu. Vumbi la pedi za zamani, kwa njia, lisipulizwe kwa kompresa wala kwa mdomo. Baadhi ya pedi za miaka ya nyuma zilitengenezwa kwa asbesto, na kitambaa chenye maji kinatosha kulifuta.

Pistoni hutolewa kwa nguvu ya breki yenyewe. Kalipa ikiwa imefunguliwa kutoka kwenye shoko lakini bado ina hozi yake, unaongeza mafuta kwenye masta silinda na kupampu mkono wa breki taratibu. Pistoni moja itatangulia, maana hazijaganda sawasawa. Hiyo izuie kwa kipande cha mbao ili isitoke, uendelee kupampu mpaka ya pili ifikie usawa wake, kisha zote mbili zisogezwe mpaka karibu na mwisho. Ikitoka moja kabisa mafuta yatamwagika, presha itapotea, na ile iliyobaki itakuwa imekukomoa. Njia ya pili ni upepo wa kompresa kwa mtu wa kujaza matairi, na hapo sharti kuwe na mbao na kitambaa kinene mbele ya pistoni na vidole viwe mbali, kwa sababu pistoni inayotoka kwa upepo hutoka ghafla na kwa nguvu ya kuvunja kidole. Ya kuishika kwa praizi na kuizungusha sitaieleza, kwa sababu meno ya praizi huacha makovu ambayo hakuna sili itakayoyavumilia.

Sehemu iliyonichukua muda mrefu kuliko zote ni ile ambayo haionekani kazi ikishakwisha. Sili za zamani zilitoka zikiwa ngumu, zimepasuka pembeni, na mifereji ilikuwa na tabaka jeupe lililoshikamana kama sehemu ya kalipa yenyewe. Nilianza na mswaki na spiriti, ikaondoka grisi, chumvi na yale mabaki ya rangi ya manjano ambayo nadhani yalikuwa salfa ya mikorosho. Tabaka jeupe halikutikisika. Hapo ndipo vijiti vya mishikaki vinapofaa: unakata ncha ya kijiti iwe bapa kwa upana wa mfereji, unasugua kwa mzunguko, ncha ikichakaa unakata tena. Mwanzi hauikwaruzi aluminiamu. Penye ugumu uliozidi nilitumia kipande cha waya wa shaba nyeupe nilichokipiga bapa na kukipinda ncha, nikakwangua kwa uangalifu, na kila baada ya muda nikapitisha ukucha kuhisi kama bado kuna kituta. Pembe za mfereji ndizo hudanganya. Chini pamekwisha kung'aa, ukadhani umemaliza, kumbe kwenye pembe mbili za ndani bado kuna ukingo mdogo wa unga mgumu, na sili yenye pembe nne hukalia hasa pale kwenye pembe.

Kuna jaribio rahisi la kujua kama mfereji uko tayari. Pachika sili mpya ikiwa kavu, bila pistoni, upitishe kidole ndani ya silinda. Sili inapaswa kujitokeza kidogo, kwa kiasi kilekile mzunguko mzima. Ikijitokeza zaidi upande mmoja, huko bado kuna uchafu. Niliirudia mifereji ya nje, ya zile sili za vumbi, zaidi ya nilivyotarajia, kwani ndiyo iliyo karibu na hewa ya bahari na ndiyo iliyoliwa zaidi. Ya ndani ilikuwa imelindwa kwa kiasi na mafuta.

Pistoni zenyewe ni za chuma kilichopakwa kromu. Kromu ikitoboka, chuma cha chini hupata kutu na kufanya mashimo madogo. Si kila shimo ni la kuhofia. Lililo kwenye mdomo wa pistoni, upande unaogusa pedi, halifiki kwenye sili kamwe. Lililo mahali sili inaposugua litaikata sili na kuvujisha mafuta. Pistoni moja ilikuwa na madoa ya juu juu tu, nikayaondoa kwa msasa wa maji ulio laini kabisa, nikisugua kwa kuzunguka pistoni wala si kwa urefu wake. Nyingine ilikuwa na mashimo yanayonasa ukucha, tena katikati. Hiyo haina dawa, kwani kuisugua mpaka mashimo yaishe ni kuimaliza kromu yote na kuikaribisha kutu upya.

Maduka ya spea ya Mtwara yamejaa vitu vya Boxer na TVS, na ni haki yao, kwani ndizo zinazotembea. Kwa Honda ya umri huu hujibiwa “hiyo mpaka Dar”. Nilichofanya ni kupima kipenyo cha pistoni na urefu wake kwa venia, nikatuma vipimo na picha kwa jamaa aliyeko Kariakoo, na mzigo ukaja kwa basi. Pedi zilipatikana hapahapa mjini, kwa njia ambayo ningemshauri kila mtu: usiulize pedi za pikipiki fulani, chukua pedi ya zamani mkononi, uiweke juu ya zile za dukani mpaka upate inayolingana umbo, matundu na unene wa bati. Mauzo ya kaunta hutegemea jina lililoandikwa kwenye kasha, na pikipiki nyingi zenye majina tofauti hutumia pedi ya umbo moja. Ukishaipata, tazama pembeni mahali nyama inapokutana na bati. Penye ufa au gundi iliyomwagika, rudisha.

Lingine linalohitaji kusemwa kwa ukali kidogo ni habari ya mafuta. Mpira wa sili za breki umetengenezwa kuvumilia mafuta ya breki, na hauvumilii jamii ya mafuta yatokanayo na petroli. Petroli, dizeli, oili ya injini, grisi ya kawaida ya bearingi na mafuta ya haidroliki huufanya uvimbe na kulegea. Fundi anayeosha sili kwa petroli “ili ziwe safi” ameziua kabla ya kuzitumia, na anayeongeza oili ya injini kwenye kopo la breki kwa sababu mafuta ya breki yamekosekana ameua sili zote, za juu na za chini, pamoja na hozi. Sili na pistoni hupakwa mafuta ya breki masafi na kuingizwa kwa vidole. Vyuma viwili vinavyoiruhusu kalipa kuteleza kushoto na kulia hupakwa grisi ya silikoni na kuvikwa vifuniko vyake vya mpira. Vikikauka, pedi moja huisha upande wa nyuma huku mwenzake ikiwa mpya, na hilo ndilo jambo la kwanza la kukagua mtu anapolalamika kuwa pedi zake haziishi sawa.

Masta silinda nilitaka kuiacha, kwa kuwa mkono ulikuwa unarudi vizuri. Lakini kumbuka kwamba kulegeza nipo kulisaidia. Chini ya kopo la mafuta kuna matundu mawili. Moja ni kubwa, linaonekana. La pili ni dogo sana, kiasi kwamba asiyejua huliona kama doa, na ndilo linaloyaruhusu mafuta kurudi kwenye kopo unapoachia breki, na pia mafuta yanapotanuka kwa joto. Kwa Honda hii lilikuwa limezibwa na utando uliokauka. Breki yenye tundu hilo limeziba hufanya kazi vizuri asubuhi. Kadiri unavyotembea, mafuta hupata joto, hutanuka, hayana pa kwenda, na breki hujibana yenyewe mpaka pikipiki inagoma barabarani. Ukisubiri ipoe, inaachia, na unafika nyumbani ukiwa huna la kumwonyesha fundi. Uzi mmoja uliochomolewa kwenye waya mwembamba wa umeme ulitosha kulizibua. Nilijua limefunguka pale nilipobana mkono kidogo tu na kuona kijito chembamba kikiruka juu ndani ya kopo. Kijito hicho huruka mpaka machoni, kwa hiyo mfuniko uwe umewekwa juu bila kukazwa.

Diski haikuwa na mengi. Kutu yake ilikuwa ya juu juu, ya kuondolewa kwa msasa na spiriti, na unene wake ulizidi kiwango cha mwisho ambacho kiwanda huchonga kwenye diski yenyewe karibu na boliti. Ukipima, pima mahali pedi inapopita, usipime ukingoni ambako haijaliwa.

Mafuta ya breki yanayotakiwa yameandikwa kwenye mfuniko wa kopo, na kwa pikipiki nyingi za aina hii ni DOT 3 au DOT 4. Mafuta haya huvuta maji kutoka hewani, na hewa ya Mtwara haina upungufu wa maji. DOT 4 ikiwa mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi joto 230. Ikishavuta maji yapatayo asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka mpaka 155. Kwa DOT 3 ni 205 na 140. Katika mteremko mrefu joto la kalipa linaweza kufika huko, maji yakageuka mvuke, na mvuke, tofauti na mafuta, hukubali kukandamizwa: mkono unafika kwenye usukani na pikipiki haina habari. Kwa hiyo kopo lililofunguliwa mwaka jana na kuwekwa kwenye rafu ya fundi si akiba, hata kama limejaa. Nunua dogo, lililofungwa, na kinachobaki kisirudi kwenye breki ya mtu yeyote. Hozi nilibadilisha, kwa kuwa ilikuwa na nyufa kila ilipopinda, na vishada vya shaba, yaani washa, vya pande mbili za boliti yake pia vikawa vipya. Palipo na shida ya kuvipata, mafundi hupasha vile vya zamani kwenye jiko la mkaa mpaka viwe vyekundu na kuvitumbukiza majini, na shaba hulainika tena. Ni ufundi halali, mradi kishada hakijachubuka.

Kutoa upepo kulifanywa kwa namna inayojulikana: mpira mwembamba unaoonyesha ndani kutoka kwenye nipo mpaka kwenye chupa yenye mafuta kidogo, mmoja anabana mkono, mwingine anafungua na kufunga nipo kabla mkono haujaachiwa, na kopo halikauki hata mara moja. Usukani uligeuzwa ili masta silinda iwe juu kuliko kila kitu. Viputo vikubwa vilitoka upesi. Vile vidogo vilivyonata kwenye boliti ya juu vilikaidi. Mjomba ndiye aliyeleta ukanda wa tyubu ya baiskeli, akaufunga mkono wa breki ukiwa umebanwa, akasema, “Uache ulale hivyo, mjomba, sisi tuliwahi kufanya hivi kwa Land Rover za serikali.” Mkono uliobanwa hufunga lile tundu dogo, viputo hupanda na kukusanyika chini yake, na asubuhi ukanda unapofunguliwa hutoroka kwenye kopo. Asubuhi mkono ulikuwa mgumu.

Pedi mpya hazishiki vizuri siku ya kwanza, kwa sababu nyama yake na diski bado havijazoeana. Tuliipeleka pikipiki barabara ya kuelekea Mtwara mjini mapema, kabla malori hayajawa mengi, tukipunguza mwendo kutoka kilomita 50 kwa saa mpaka 10 kwa mbano wa wastani, bila kusimama kabisa, kisha tukiiacha diski ipoe kwa upepo kabla ya kurudia. Kusimama kabisa huku pedi mpya ina moto huacha alama yake kwenye diski, na alama hiyo huhisiwa mkononi kwa muda mrefu. Tuliporudi tuliinua gurudumu na kulizungusha kwa mkono. Lilisuguana kidogo sana na kuendelea kuzunguka, kama inavyotakiwa kwa diski.

Binamu yangu aliambiwa mambo mawili kabla ya kuondoka. La kwanza, mafuta ya breki yabadilishwe yote kila baada ya miaka miwili, hata kama hayajapungua. La pili linahusu kidirisha cha kopo. Kadiri pedi zinavyoisha, pistoni hutoka nje zaidi na mafuta hufuata nyuma yake, kwa hiyo usawa wa kopo hushuka bila kuwepo uvujaji wowote. Wakati huo fundi asiyeuliza ataongeza mafuta mpaka juu, na siku ya kupachika pedi nene, pistoni zikisukumwa ndani, mafuta hayo yatafurika juu ya tangi na kubandua rangi. Usawa ukikaribia alama ya chini, akague pedi kwanza. Zikiwa bado nene na mafuta yanashuka, basi kuna mahali panavuja, na aanze kutafuta kwenye zile sili.